Kufupisha madgadi ya nyuma nyumbani bila grainda: ukingo niuzibe vipi?

MtotoWaMlaleo

Assalaam aleykum wakuu. N'na Honda CG125 ya zamani, nimeachiwa na ami yangu. Madgadi zote mbili ni za chuma zenye kromu. Ya mbele nzima kabisa. Ya nyuma ndiyo taabu: mkia umeliwa na kutu kutoka ndani, ukiubonyeza kwa kidole gumba unakatika. Kilichooza ni kama shubiri moja, kuanzia chini ya kibao cha namba kwenda mwisho. Juu ya hapo chuma ni kizima na kromu bado inang'aa.

Nimezunguka Mwembe Tayari, hapa Mombasa, kutafuta nyingine, kila duka naonyeshwa za Boxer na TVS. Basi nimeamua nikate pale palipooza, nibaki na madgadi fupi lakini nzima.

Vifaa: msumeno wa chuma, tupa bapa, tupa nusu duara, drili ya kuazima, nyundo na msasa. Grainda sina, na mwenye ploti hataki cheche wala kelele. Kazi nitafanyia uani. (Mama ameshatoa onyo kwamba kigoda cha mbuzi wa nazi hakitakuwa meza ya fundi.)

Ninalotaka kujua: nitapataje mkato ulio sawa kulia na kushoto ilhali madgadi imepinda pande zote? Na baada ya kukata, pale kwenye chuma kitupu nifanye nini kisirudi kutu? Naweza kupuliza rangi juu ya kromu ikashika?

BodaYaFeri

Kata, lakini usinogewe. Mimi nabeba watu upande wa Likoni, na nimeona vijana wamekata madgadi mpaka usawa wa kiti ili pikipiki ionekane ya mashindano. Masika ikiingia, tope lote linapanda mgongoni kwa abiria. Mpakie mzee wa Ijumaa na kanzu yake nyeupe, uone kama atakulipa. Na anayekufuata nyuma naye anakula maji machafu usoni.

Kibao cha namba na taa nyekundu usivihamishe kuviweka ubavuni. Namba isisomeke, polisi wa pale kivukoni huna la kumwambia.

FundiBodiMagongo

Waaleykum salaam mwanangu. Mimi ni fundi wa bodi, kazi yangu hasa ni matatu na malori, pikipiki nazishika nikiombwa. Usisikitike kukosa grainda. Kwa madgadi ya kromu ni afadhali usiwe nayo. Diski ikipasha chuma moto, kromu ya pembeni inageuka manjano na samawati, na cheche zinanata juu yake zikaota madoa ya kutu. Msumeno wa mkono ni wa polepole lakini chuma kinabaki baridi.

Kukata ni kazi ya asubuhi moja. Ukingo ndio kazi yenyewe. Kiwandani bati lile limevikwa nikeli, halafu kromu juu yake. Ukikata umeacha mstari wa chuma kisicho na nguo, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu itaingilia hapo hapo, itambae chini ya kromu, ibambue. Ukikata vizuri ukaacha ukingo vivi hivi, mwakani utakuja kuuliza swali hili hili.

Fungua madgadi yote, toa taa, toa nyaya. Ioshe, ikauke. Zungushia tepu ya karatasi pale unapotaka kukata, pana, upana wa vidole vinne. Tepu itakupa pa kuandika na italinda kromu meno ya msumeno yakiteleza. Sasa chukua karatasi ngumu, kalenda ya mwaka jana inafaa, uilaze juu ya mgongo wa madgadi kutoka ukingo hadi ukingo, uikate iwe sawasawa na upana huo. Ikunje katikati. Mkunjo ndio mstari wako wa kati, utie alama kwenye tepu. Karatasi ikiwa bado imekunjwa, chora nusu ya umbo la mkia unalotaka, ukate mara moja kwa mkasi. Ukiikunjua, kulia na kushoto ni kitu kimoja. Usipime kutoka kwenye matundu ya bolti. Mara nyingi hayalingani pande mbili.

Umbo liwe la mviringo. Pembe kali zinamkata mtu, na rangi haikai kwenye pembe.

Bledi nunua ya meno 32 kwa inchi. Ya meno 18 kwenye bati jembamba inakwama na kurukaruka. Hata hiyo ya 32 ilaze, usiisimamishe wima, ili meno mengi yaguse bati kwa wakati mmoja. Ndani ya madgadi shindilia kipande cha mbao ili bati lisitetemeke. Anza na zile kingo mbili za pembeni zilizokunjwa, maana hapo bati ni maradufu, kisha uje katikati. Msumeno haukati kona, kwa hiyo kata vipande vifupi vilivyonyooka ukiuzunguka mchoro kwa nje, uache milimita mbili za kumalizia kwa tupa.

Na hapa sikiliza sana: tupa isukume kutoka upande wa kromu kwenda ndani, usiivute kutoka ndani kuja nje. Ukiisukuma kwenda ndani inakandamiza kromu juu ya chuma. Ukienda kinyume unaiinua, nayo ikishainuka haina dawa. Vaa miwani, na glavu pia; vipande vya kromu vinakata vibaya.

MtotoWaMlaleo

Shukran sana mzee wangu, hili la mwelekeo wa tupa sikuwahi kulisikia popote. Kalenda ninayo, ya duka la saruji, ngumu kabisa.

Sasa hiyo rangi. Nilikuwa nafikiri nipulize madgadi nzima nyeusi nimalizane nayo. Pia kuna jirani ameniambia ninunue ule mpira wa mlango wa gari niuvishe kwenye mkato, basi, hakuna haja ya rangi.

MsasaNaThina

Jirani yako ana hoja. Mimi nimevisha mpira huo kwenye madgadi ya pikipiki ya Yamaha DT, unapendeza na haukati mtu mkono ukiosha. Unauzwa kwa mita, unaukata kwa kisu, unaubana kwa nyundo ya mbao. Halafu kuhusu kromu: ukiisugua vizuri rangi inashika, watu wanafanya kila siku.

FundiBodiMagongo

MsasaNaThina, mpira unapendeza, hapo sibishi. Lakini ni mfereji. Maji ya chumvi yakiingia mle hayatoki, na huoni kinachoendelea mpaka siku mpira unapodondoka na ukingo ndani yake. Mtu wa Nakuru, mbali na bahari, auvishe tu. Wa hapa auvishe juu ya rangi iliyokauka barabara, na awe anauvua kukagua. Mimi siuweki.

Kupaka kromu yote, uwezekano upo, lakini lazima uifishe mng'ao wote kwa msasa namba 120 au 180, pasibaki hata doa linalong'aa, kisha praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) ya epoksi ya kuchanganya. Palipobaki mng'ao rangi itatoka kwa maganda. Na kwa nini uiue kromu nzima iliyokaa miaka yote hiyo? Madoa madogo ya kutu yaliyobaki yasugue kwa foili ya jikoni iliyoloweshwa maji, yanatoka.

Mimi ningefanya hivi. Tumbo la madgadi lote, upande wa tairi, lipakwe jeusi. Rangi hiyo izunguke ukingo na kutokeza upande wa kromu kwa milimita tano tu, mstari mwembamba mweusi unaofuata umbo la mkia. Chuma kitupu kimefunikwa, na anayeangalia anadhani umenuia tangu mwanzo.

Kwanza uvunje ukali wa ukingo. Msasa 80 kuondoa mikwaruzo ya tupa, kisha 180, mpaka ukipitisha kidole usikie duara. Rangi ikiwa mbichi hukimbia pembe kali, inabaki nyembamba pale pale unapoihitaji iwe nene. Na kila mkwaruzo wa msumeno unaouacha ni mlango wa ufa. Injini ya silinda moja inatetema, bati litapasuka kuanzia hapo. Ule mkunjo wa pembeni, kwenye ncha zake mbili ulizokata, utakuta tope na kutu ya unga. Kwangua kwa waya, kausha, dondoshea praima ndani hadi ijae.

Kuosha kwa mwisho usitumie maji ya kisima. Visima vingi vyetu hapa vina chumvi, utakuwa unapaka rangi juu ya chumvi. Tumia ya bomba au ya mvua. Futa kwa thina na kitambaa safi, na tangu hapo usiguse kwa mkono mtupu, jasho nalo ni chumvi. Praima iende siku ile ile. Chuma kilichosuguliwa ukikilaza uani usiku mmoja asubuhi kina rangi ya chungwa.

Praima yenye zinki ukiipata ndiyo bora kwa ukingo. Usiisugue kwa maji. Praima nyingi hunywa maji, na ukipaka rangi juu yake umeyafungia ndani. Isugue kavu, 320 inatosha.

Saa za kupuliza: saa nne asubuhi, umande umekauka, kivulini. Jua la saa saba linapasha bati moto, rangi inakauka hewani kabla ya kutua na inatoka na chengachenga. Jioni unyevu unapanda, rangi inaota ukungu mweupe. Siku za kusi upepo unaleta vumbi, kwa hiyo zungushia shuka la zamani pande tatu. Kopo liwe umbali wa shubiri moja, tabaka nyembamba tatu au nne, robo saa kati yake. Ikianza kutiririka ulikuwa na haraka.

BodaYaFeri

Mzee hapo kwenye shuka umenichekesha, mke wangu alinifukuza uani kwa hilo hilo. Swali dogo, akishafupisha, kile chuma cha kushikilia madgadi si kitabaki kinaning'inia hewani?

FundiBodiMagongo

Swali zuri, nililiruka. Angalia bolti ya mwisho ya kushikilia iko wapi. Mkia usining'inie kupita bolti hiyo zaidi ya kiganja, la sivyo utatetema mpaka upasuke. Ikibidi toboa matundu mapya juu zaidi: piga alama kwa msumari, drili milimita tatu kwanza, ndipo upanue. Na hiyo ya mbele iliyo nzima iache. Kwenye pikipiki nyingi ndogo chuma cha madgadi ya mbele ndicho kinachofunga miguu miwili ya foku, ile inayoshika gurudumu la mbele, isicheze. Ukikikata usukani unalegea.

MtotoWaMlaleo

Nimeelewa, ya mbele siigusi. Nimepima, bolti ya mwisho iko vidole vitatu juu ya mstari wa kukatia, kwa hiyo sina haja ya tundu jipya. Nikirudisha, kuna la kuangalia zaidi?

FundiBodiMagongo

Mawili. Kwenye pikipiki nyingi za zamani taa ya nyuma inatumia bodi kama waya hasi. Ukiona inawaka hafifu baada ya kurudisha, kwangua rangi kidogo chini ya bolti ya taa, upake grisi, ukaze.

La pili, bolti zote za madgadi ziingie kutoka ndani: kichwa upande wa tairi, nati na washa nje. Ukizigeuza, siku utakayopakia watu wawili ukapiga tuta pale Bombolulu, ncha ya bolti itachora tairi. Kabla ya kutoka kaeni wawili wazito juu ya kiti, wa tatu ainame aangalie nafasi iliyobaki kati ya tairi na bati. Mkono wake upite bila kugusa.