Kadi ya USB 3 inazimia nikinakili video za harusi

Dagaa_Mwaloni:
Wakuu, salaam kutoka Kirumba. Nahariri video za harusi kwenye mashine ya mezani, Linux. Ubao wake una matundu ya USB 2 tu, kwa hiyo nimechomeka kadi ya USB 3. Nikinakili kwenda diski ya nje inaanza kwa kasi, halafu taa inaganda na kila kilicho kwenye kadi kinapotea, hadi kipanya. Waya nimebadilisha. dmesg (kumbukumbu za kerneli, kiini cha Linux):

`xhci_hcd 0000:03:00.0: xHCI host controller not responding, assume dead`
`xhci_hcd 0000:03:00.0: HC died; cleaning up`

Fundi wa jirani anasema niweke Windows. Bibi harusi naye hanipi pumzi.

Nyegezi_Stendi:
Pawa saplai hiyo mkuu. Diski haipati umeme.

Mama Igoma:
Umeme ukipungua, mara nyingi inaondoka diski peke yake. Hapa kerneli imetoa amri, kontrola (chipu ya kadi inayoendesha matundu) imekaa kimya, ikahesabiwa maiti na wote waliokuwa mgongoni mwake. Kadi hiyo. Na huyo wa Windows mwache aendelee na kazi zake.

Mwanangu, piga `lsusb -t`. Ukiona `Driver=uas`, namshuku huyo. UAS, draiva ya diski za USB, hutuma amri nyingi kwa mpigo, na kwenye USB 3 inategemea kontrola iweze kutenganisha mikondo (streams), kila amri na njia yake. Zipo chipu zinazodai zinaweza, mzigo ukija zinalala. Ni mwaloni kwenu alfajiri: mitumbwi yote imefika, mwenye mzani mmoja.

Kwa diski moja ungeandika `usb-storage.quirks=` na namba zake za kwenye `lsusb`, kisha `:u`. Ila wewe kila mteja anakuja na diski yake, utaandika hadi lini? Funga kwenye kontrola. Ndani ya `/etc/default/grub`, faili la mipangilio ya kuwasha Linux, kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ongeza:

`xhci_hcd.quirks=0x80000`

Halafu `sudo update-grub`, uwashe upya. Hiyo ni biti ya 19 kwenye swichi za xhci, draiva ya kontrola za USB 3: mikondo ya kontrola hii ni mibovu, isitumike. Diski zitarudi kwa draiva ya zamani, usb-storage. Inagusa kontrola zote za xhci kwenye mashine, lakini wewe unayo hiyo moja.

Dagaa_Mwaloni:
Mama, shikamoo! Ilikuwa uas kweli. Harusi ya Sengerema imeingia yote, mwendo umeshuka kidogo tu. Sasa mashine ikilala na kuamka, kadi haiamki.

Mama Igoma:
Marahaba. Ongeza biti ya 7, kontrola ianzishwe upya kila mashine ikiamka: `0x80080`. Ikigoma katikati ya kazi, usizime mashine, ikate kadi kwenye draiva uiunge tena:

`echo 0000:03:00.0 | sudo tee /sys/bus/pci/drivers/xhci_hcd/unbind`

kisha hivyohivyo kwa `bind`.

Na ulete hapa jibu la `lspci -nn -s 03:00.0`, tujue chipu yako. Faili la kerneli, xhci-pci.c, limejaa chipu za tabia hii, kila moja na dawa yake. Yako kama haimo, tuwaandikie watu wa linux-usb, wanaotunza USB ya kerneli, waiingize.