Ushauri: baiskeli na watoto kwenye baridi hii, mama mkwe hataki hata kusikia

Mama Zuu Utrecht

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na wale wa "achana naye" wapite tu, sijafika huko.

Tunaishi Utrecht, Uholanzi. Mimi, mume na watoto wawili, wa kike miaka 8, wa kiume miaka 3. Shule zimefungwa wiki mbili za Krismasi. Sisi si watu wa Krismasi lakini likizo ni likizo, na mama mkwe amekuja kutoka Tanga, atakaa hadi mwisho wa Januari. Gari hatuna. Siku za kazi baiskeli ndiyo kila kitu: baba anampeleka mdogo chekechea, mkubwa anaendesha yake hadi shule, mimi nakwenda nayo kazini na kurudi na viazi kwenye kapu. Hilo halina mzozo.

Kasheshe ni wikiendi. Mume wangu mvua isiponyesha anataka familia nzima itoke. Usiku anakaa na ramani anapanga zile namba za njia za baiskeli (wa huku mnazijua, unatoka kibao kimoja unafuata namba ya kibao kinachofuata, hupotei), na ukimwachia anafika kilomita 40. Nje digrii 3 na upepo wa kukata masikio. Mama akituona tunawavalisha watoto mizula anaanza: "Mwanangu, mtoto hawekwi kwenye barafu kama samaki." Mume anacheka, anatoka zake nje kujaza tairi upepo. Ninayebaki sebuleni na mama ni mimi.

Jumapili iliyopita mdogo alirudi analia vidole vinamuuma. Jioni ile nilinuniwa mimi, siyo mwanawe.

Nataka kujua mawili. Mtoto wa miaka 3 kwenye kiti cha baiskeli baridi hii, ni salama au tunajidanganya? Na huyu mama nimwelewesheje bila kuonekana mkwe jeuri? Mume naye ana hoja, watoto wakishinda ndani wanagombania tableti mpaka jua linazama, na jua lenyewe linazama saa kumi na nusu. Nawasilisha.

Chura wa Kinondoni

Huku Dar jasho linatutoka tumekaa tu, nyie mnaifuata baridi kwa pedali 😂 Navuta kiti, uzi mtamu.

Baharia Rotterdam

Mama Zuu, pole. Nimelea watatu kwenye baiskeli hapa hapa Uholanzi, nikupe ninachokijua.

Mnayemsahau ni yule asiyepiga pedali. Wewe ukiendesha dakika kumi unafungua zipu, mtoto aliye kwenye kiti amekaa kama mzigo, damu haichemki, na upepo wa mwendo unampiga yeye. Kwa hiyo usimvalishe kwa kipimo cha joto lako. Mvalishe kama mtu atakayekaa kwenye benchi bustanini saa nzima. Nguo ya kubana mwili isiwe ya pamba, maana pamba ikilowa jasho inaganda. Juu yake sweta, na juu kabisa kitu kisichopitisha upepo wala maji. Glovu za kidole kimoja, zile vidole vyote vinakaa chumba kimoja, zina joto kuliko za vidole vitano. Skafu ndefu hapana, inaingia kwenye spoku. Mnunulie ile ya duara ya kuvaa kichwani hadi shingoni.

Huyo wa miaka 3 anakaa mbele au nyuma? Kama bado yuko kwenye kiti cha mbele, mtoe. Viti vingi vya mbele mwisho wake kilo 15, na pale ndipo upepo unapoanzia. Nyuma anajikinga na mgongo wa baba yake.

Kilomita 40 ni za watu wazima. Kwa umri huo mimi nilikuwa sivuki dakika ishirini na tano bila kusimama mahali penye joto. Mwambie shemeji uzuri wa zile namba ni kwamba unaweza kukata njia popote ukarudi. Mfumo wenyewe ulianzia Limburg ya Ubelgiji miaka ya 90, aliyeubuni ni mhandisi wa migodi, Hugo Bollen. Ni wa kutembea kwa raha, hakuna anayekudai ufike mwisho.

La mwisho ni upepo. Angalieni unatoka wapi kabla ya kutoka nyumbani, muanze kwa kuukabili, mrudi ukiwasukuma. Wengi wanafanya kinyume, wanakwenda wakiimba, wanarudi na mtoto analia. Hawa Waholanzi wanaupenda upepo mpaka wana mashindano ya taifa ya kuukabili, juu ya ule ukuta mkubwa wa kuzuia bahari wa Oosterschelde, kilomita 8.5, baiskeli za kawaida zisizo na gia, na yanafanyika siku ya dhoruba tu. Mumeo asijue 😅

Mtaa wa Saba

Mambo mengine ya kujitakia. Nunueni gari yaishe.

Baharia Rotterdam

@Mtaa wa Saba gari Utrecht? Kibali cha kuegesha, bima, kodi ya barabara, halafu ukatafute pa kuliweka. Acha utani, mama mwenyewe kasema siku za kazi hakuna mzozo.

Nesi wa Zamu

Mimi niko Den Haag, kazi yangu ni watoto. Niseme kuhusu hiyo hofu ya nimonia, maana najua ndiyo iliyoko nyuma ya maneno ya bibi hata kama hakuitaja.

Nimonia inaletwa na vijidudu, bakteria au virusi, hailetwi na upepo. Majira haya watoto wanaumwa zaidi kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kujazana ndani madirisha yamefungwa, wanakoholeana. Kumtoa nje si dhambi. Lakini mtoto kupoa mwili ni jambo la kweli na bibi hajakosea kuliogopa. Usipime vidole, vidole vya mtoto vinaweza kuwa baridi naye yuko sawa. Ingiza mkono nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa pa vuguvugu, endeleeni. Pakiwa baridi, ingieni ndani palipo karibu. Mtoto anayelalamika bado ana nguvu za kulalamika. Ninayemwogopa mimi ni yule aliyekuwa anapiga kelele halafu akanyamaza na kuanza kusinzia.

Vidole vikimuuma kama Jumapili ile, usimpeleke kwenye hita wala maji ya moto. Viweke kwapani kwako, au maji ya vuguvugu, vipate joto polepole. Vitauma kidogo vikirudi, ni kawaida.

Halafu vitamini D. Ushauri wa hapa ni mikrogramu 10 kila siku kwa watoto wote chini ya miaka 4, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaendelea hata baada ya hapo. Jua la Desemba huku halikupi kitu hata ukilikalia uchi. Huyo wa miaka 8 anapewa?

Mkenya Minneapolis

Digrii 3 ndiyo mnaita baridi? Huku tunaenda hadi 20 chini ya sifuri na bado watu wako kwenye Midtown Greenway, ile njia iliyojengwa palipokuwa na reli, wanaiondoa theluji kama barabara ya magari.

Lakini nisiwacheke. Baridi kavu ya huku ni rahisi kuliko yenu ya majimaji. Inayoangusha watu ni asubuhi ya sifuri baada ya mvua ya usiku, lami inang'aa tu kumbe ni barafu. Daraja linaganda kwanza, barabara bado iko sawa. Ukikuta, usishike breki ya mbele, usikate kona, acha baiskeli iende yenyewe. Punguza upepo wa tairi kidogo na shusha kiti mguu ufike chini. Tairi zenye vyuma vidogo ziko, mimi ninazo, ila kwa Utrecht sioni haja, barafu yenu ni ya siku chache. Siku hizo mbaki ndani na watoi, mpike chapati.

Mama Zuu Utrecht

Jamani asanteni. Nesi, mdogo anapewa, mkubwa tuliacha alipofika miaka 4, kesho naenda duka la dawa. Baharia, ni kiti cha mbele kweli 🙈 anapenda kushika kengele.

Ila swali langu la pili mmelikwepa.

Babu Kijoti

Halikukwepwa, lilikuwa linasubiri watu wazima.

Binti, huyo mama ni wa nani? Wa mumeo. Sasa mbona msemaji ni wewe? Mwanawe anamcheka, anakwenda kujaza tairi, wewe ndiye unabaki kujibu mashtaka ya safari aliyoipanga yeye. Hata ukiongea kwa ulimi wa asali, kwa mama mkwe utakuwa unabishana. Maneno yaleyale akiyasema mwanawe yanakuwa taarifa. Mwambie mumeo faragha, si mbele ya mama: "Safari ni yako, mama ni wako, kaa naye dakika kumi umweleze mnakwenda wapi, mtarudi saa ngapi, mtoto amevaa nini." Akimaliza ndipo akajaze upepo. Asipoweza dakika kumi, kilomita 40 anazipata wapi?

Kipepeo88

Babu Kijoti kamaliza 👏👏

Bi Mwanahija

Hajamaliza. Mie ni mama mkwe, mwanangu wa kiume yuko Leicester, nimekwenda huko majira kama haya. Niwaambie nyie vijana.

Unatoka kwako, una kibaraza, una majirani wa kukupigia hodi tangu alfajiri. Unafika huko, saa moja na nusu asubuhi bado giza. Mlango haugongwi. Televisheni husikii inasema nini. Ikifika Jumapili, siku uliyoingoja wajukuu wawe nyumbani, wanavalishwa makofia wanaondoka wote, unaachiwa chupa ya chai na rimoti. Utasema nini? Huwezi kusema "msiniache", mtu mzima ana haya. Utasema watoto wataumwa.

Mama Zuu, mkitoka yeye anabaki na nani?

Mama Zuu Utrecht

Bi Mwanahija... anabaki peke yake. Anakaa dirishani. Tukirudi tunamkuta palepale, uji uko tayari mezani.

Bi Mwanahija

Basi. Mchukueni. Baiskeli hapandi, sawa, hakuna basi huko? Baba na watoto watangulie, wewe na mama mpande basi, mkutane kwenye chai. Na uji asipike wa kuwasubiri, apike wa kubeba. Autie kwenye chupa, awe ndiye anayewanywesha wajukuu wake huko mbele. Utaona kama atasema samaki tena.

Baharia Rotterdam

Na pa kwenda pako karibu nanyi. Amelisweerd, msituni kando ya mto Kromme Rijn, kutoka mjini ni mwendo mfupi tu, na pale Rhijnauwen kuna nyumba ya chai inayouza pannenkoeken, chapati za maji hizo. Likizo panajaa, wahini.

Mama Zuu Utrecht

MREJESHO.

Mume kaongea na mama Ijumaa usiku. Sikukaa kusikiliza, nilikuwa jikoni nasugua sufuria iliyokwisha takata zamani. Jumapili wao walitangulia, mdogo kiti cha nyuma, aliililia ile kengele hadi mwisho wa mtaa. Mimi na mama tulipanda basi, tukamalizia kwa miguu polepole, kavaa koti langu na soksi jozi mbili. Chapati za maji kala, kasema zimekosa iliki, akaagiza nyingine. Uji alimnywesha kila mtu hadi baba mtu.

Mume ndiye kanuna kidogo, safari nzima haikufika hata kilomita 15. Nimemwambia Jumamosi atoke peke yake asubuhi na namba zake, arudi adhuhuri. Mama bado anasema watoto wanavaa nguo chache, hilo sidhani kama litaisha kabla ya Januari kwisha.

Swali dogo: cheni zimeshika kutu, na kufuli ya mkubwa imegoma kuzunguka. Tumekosea wapi?

Mkenya Minneapolis

Hiyo ni chumvi wanayomwaga barabarani. Ukirudi pangusa cheni kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, kausha kabisa, tia mafuta ya cheni. Ya kupikia hapana! Kufuli usimwagie maji ya moto, yataganda ndani usiku. Tia mafuta ya kufuli.

Baharia Rotterdam

Na taa mzichaji leo, mbele nyeupe au ya njano, nyuma nyekundu, zisiwe za kumetameta, polisi wa huku hawazikubali. Tarehe 31 jioni baiskeli zote ndani, fataki zinaanza mapema kuliko mnavyodhani na watoto wa mtaani hawaangalii wanapozirusha.