Ghorofa refu likiporomoka, hizi sekunde 9 zinatoka wapi?

kijana_ngamiani
Wakuu habari za jioni. Kuna ubishi kijiweni kwetu barabara ya 12 umeshindikana. Jamaa kashikilia kwamba ile minara miwili ya New York iliyogongwa na ndege 2001 ilishuka kwa sekunde 9 kama jiwe umeliachia tu, kwahiyo lazima yalikuwepo mabomu maana ghorofa za chini zingezuia. Mie fizikia niliiacha form two, naombeni msaada

ticha_chumbageni
Mnara wa kaskazini ulikuwa mita 417 bila antena. Achia jiwe toka huko juu, hewa isahau kwanza, linafika chini kwa sekunde 9.2 hivi na linagonga ardhi kwa kilomita 325 kwa saa. Sasa hizo 9 za jamaa yenu, NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani iliyochunguza, walisema ni muda wa vipande vya kwanza vya ukuta wa nje kugusa chini, wa kusini kama 9, wa kaskazini kama 11. Vipande, sio jengo! Simamisha video yoyote katikati utaona vyuma vya pembeni vimeshatangulia mbali huku jengo bado linavunjika juu yake, lingekuwa halizuiwi na kitu vingeenda sambamba

bint_raskazone
mbona makaratasi na vumbi vilikuwa vinaelea tu shekhe?

ticha_chumbageni
Hapo ndo hewa inaingia. Mkwezi akiangua nazi na kuti kavu kwa pamoja, kipi kinatangulia? Chuma kizito hakiijali hewa, karatasi inabebwa

fundi_nondo
Naongezea. Watu wanadhani ghorofa zote za chini zinazuia kwa pamoja, wapi, kila sakafu pale ilishikwa na viungo vyake kwenye nguzo za nje na za katikati, sakafu ya 90 haisaidiwi na ya 50. Mnara wa kaskazini juu ya palipokatika zilikuwa ghorofa kama 12, zikidondoka kimo cha ghorofa moja tu, mita 3.7, zinafika na mita 8.5 kwa sekunde. Zikibeba sakafu moja ukipiga hesabu ya momentamu (tungamo mara kasi) kasi inashuka hadi 7.8 tu, kuvunja viungo kunakula tena kidogo, ila mzigo sasa ni wa 13 na safari inaendelea. Wa kusini ulikuwa na ghorofa nyingi zaidi juu ya kidonda, ni moja ya sababu uligongwa wa pili ukaanguka wa kwanza, dakika 56, mwenzie 102

mbishi_wa_pongwe
Haya jengo la 7 je, lile la jirani na minara lililoanguka siku hiyohiyo, ndege haikuligusa na NIST wenyewe 2008 walikubali lilishuka bila kuzuiwa!!

ticha_chumbageni
Hilo swali zito kuliko la minara, nakupa. Walikubali kweli, sekunde 2.25, kimo cha kama ghorofa 8. Ila lilianza polepole, na ghorofa 18 walizopima zilichukua 5.4 wakati bila kuzuiwa ni 3.9. Wanasema moto ulishalimaliza ndani kuanzia nguzo ya 79, mzigo ukahamia nguzo za nje zikapinda, na nguzo ikishapinda haizuii karibu chochote. Wapo wanaopinga, lakini hizo sekunde 2.25 pande zote wanakubaliana, ugomvi ni nini kilimaliza nguzo na hilo saa haikuambii

mbishi_wa_pongwe
Sawa ami, bando likiingia naipima mwenyewe hiyo 5.4