Naomba ushauri: "gadfly" kwa Kiswahili tuiteje?
Wakuu habari zenu, naandaa mada ya klabu ya midahalo kuhusu Sokrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, nimekwama kwenye neno la Kiingereza gadfly, yaani yule mtu anayewachokonoa wakubwa kwa maswali mpaka wanakosa raha. Asili yake ni pange, yule inzi anayeng'ata ng'ombe, na hiyo gad ya zamani ni kitu chenye ncha kama mchokoo. Kwa mujibu wa mwanafunzi wake Plato, Sokrates aliposhtakiwa Athens mwaka 399 KK alijifananisha na pange anayemsumbua farasi mkubwa, mzuri ila mzito, farasi ndo mji wenyewe sasa. Niandike mchokozi? Naona kama inamtukana, na mchochezi inanuka polisi kabisa. Au niache pange hivyo hivyo, vijana wa mjini watanielewa kweli?