Marubani na otopailoti: kutaja kila kitu kwa sauti au kunyoosha kidole tu?

shela_kwetu: Salaam wenyewe. Juzi narudi Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, na kile kindege cha Caravan, nimekaa nyuma ya marubani kabisa, kwa kelele za injini sisikii kitu lakini naona mmoja anagusa kitufe, mwenzake ananyoosha kidole kwenye skrini, midomo inacheza. Shemeji anayesomea urubani aniambia kuna mashirika wanataja kila otopailoti ikibadili modi (kazi inayofanya saa hiyo, kama kupanda au kushika kimo), na mengine wataja yale makubwa tu. Ipi bora?

kaskazi: Kutaja yote, mimi sina mjadala hapo. Kitufe ulichobonyeza si ushahidi, ushahidi ni ile mistari ya juu ya skrini, modi mpya ikiingia inazungushiwa kiboksi kama sekunde 10 hivi halafu kinatoweka, usipoitaja saa ile imekupita. Ndege ya Asiana 214, San Francisco, Julai 2013: rubani karudisha nyuma mikono ya injini, ile ya kuongeza na kupunguza nguvu, otomatiki ya spidi ikaenda HOLD, yaani imeacha kulinda spidi na wao wanadhani ingali inalinda. Walitakiwa wawe na spidi ya noti 137 wakashuka mpaka kama 103, wakagonga ukuta wa bahari. Watu 3 walifariki.

mwana_malindi: Sawa lakini ukitaja kila kitu inakuwa kasuku bwana, huyu anasoma, yule anaitikia "cheki" na macho yako dirishani. Halafu mko chini mnataka kutua, mnara wa uwanja nao unaongea kwenye redio. Mi naona taja yanayobadili njia au kimo, na kimo wote wawili wanyooshe kidole, basi.

bikidude_wa_mkomani: Mwasahau ndege yenyewe. Airbus otomatiki ikiongeza nguvu mikono ya injini haitembei, Boeing inatembea waiona na kuigusa. Vijiti vya kuongozea vya Airbus navyo havikuunganishwa, huyu akivuta yule hahisi. Air France 447, 2009, vipima spidi viliziba barafu otopailoti ikajitoa, mwisho mwisho wote wawili wana mikono kwenye vijiti na kompyuta inajumlisha amri zao tu. Watu 228. Manahodha wawili chombo huenda mrama, ndio hiyo. Kwa hivyo Airbus mdomo ni lazima, Boeing mkono wakusaidia.

kaskazi: Dada, Asiana ilikuwa Boeing 😅 777. Kwenye HOLD mikono imetulia tuli, na kitu kilichotulia nani atakihisi?

bikidude_wa_mkomani: Haya hapo umenipata.

pondo_mkononi: Mimi wa mashua tu. Kule Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, maji yakitoka, wa omo (mbele) anapima kina na pondo anapiga kelele, na wa msukani lazima arudie kile kile alichoambiwa, akiitika "ee" tu nampimia tena. Hao wa "cheki" wafanyiwe hivyo, waseme walichokiona sio waitike.

mwana_malindi: Hii nakubali. Arudie jina la modi kwa kuisoma mwenyewe.

shela_kwetu: Shemeji asema mwalimu wake anamnyamazia kusudi akisema "cheki". Nilidhani ana kiburi.