Gari la petroli likifeli kipimo cha moshi, fundi anang'oa masega! Mafundi wa Dodoma, someni karatasi kwanza

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa hasira na sitaupaka asali.

Hapa Dodoma imekuwa desturi. Gari la petroli la zamani, Carina, Corolla, Ist, limepimwa moshi na karatasi ya majibu imetoka. Mwenye gari anaipeleka gereji. Fundi haisomi. Anaitupa juu ya dashibodi na kuanza kutaja vitu vya kununua: oksijeni sensa, plagi, nozeli, na mwisho kabisa "bosi, masega yameziba, tuyatoe". Masega ni katalitiki konveta, kile kifaa ndani ya ekzosi kinachosafisha hewa chafu. Mtu analipa vyote. Gari linarudi kwenye mashine na kufeli vibaya kuliko mwanzo, kwa sababu kitu pekee kilichokuwa kinasafisha ile hewa kimeshauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Kinachoudhi ni kwamba jibu lilikuwa kwenye karatasi iliyotupwa pale juu ya dashibodi.

Mashine ya gesi nne inatoa namba nne: CO, yaani kaboni monoksaidi; HC, yaani petroli iliyotoka bila kuungua; CO2; na oksijeni. Nyingi zinakokotoa na lamda, ambayo ikiwa 1 maana yake hewa na petroli vimelingana, kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ukitaka kujua gari zima linasoma nini, angalia viwango vya Uingereza. Gari lenye masega lililosajiliwa kuanzia Julai 2002, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,000, kwa kawaida linatakiwa CO isizidi 0.2%, HC isizidi 200 ppm (sehemu kwa milioni), na lamda iwe kati ya 0.97 na 1.03. Lakini gari la mwishoni mwa miaka ya themanini lisilo na masega wanaliruhusu CO hadi 3.5%. Hiyo tofauti ya 0.2 na 3.5 sehemu kubwa ni kazi ya masega pamoja na oksijeni sensa, ile inayopima oksijeni kwenye ekzosi na kuyalinda. Sasa fundi anayeyang'oa ili gari "lipumue", halafu anamwambia mteja akapime tena, anategemea nini?

Tuelewane pia kwamba moshi unaoonekana ni habari nyingine. Mweusi ni petroli imezidi, wa bluu ni oili inaungua, mweupe usioisha injini ikiwa ya moto ni maji yanaingia ndani. Lakini CO haina rangi wala harufu. Gari linaweza kutoa hewa safi machoni na bado likafeli kabisa.

Namba zinasomwa hivi. CO juu: petroli imezidi hewa. HC juu na CO ya kawaida: kuna silinda haichomi, tafuta upande wa plagi, koili, waya, au valvu isiyofunga vizuri. Oksijeni juu na CO2 chini: kuna hewa ya nje inaingia kwenye ekzosi, au mchanganyiko una petroli kidogo mno. Injini nzima CO2 yake iko asilimia 14 au 15. Ikiwa 10 usiguse kitu kingine kabla hujakagua ekzosi yote, kwa sababu hata hizo namba nyingine zimechanganyika na hewa ya nje na huwezi kuziamini.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. CO ikiwa juu, mafundi wote wanasema "oksijeni sensa imekufa". Wakuu, chomeka skana, soma fueli trimu, yaani asilimia ya petroli ambayo kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaongeza au kupunguza. Hapo ndipo njia mbili zinapoachana.

Kama CO iko juu na trimu iko hasi, tuseme minus 15 au minus 20, sensa inafanya kazi yake. Imeona petroli imezidi, na kontroli boksi inahangaika kuipunguza lakini inashindwa. Kuibadilisha ni kumwibia mteja. Tafuta petroli inatoka wapi. Kwenye injini za zamani kama 5A-FE, chomoa ule mpira mwembamba wa vakyumu kwenye regyuleta ya mafuta. Ukikuta petroli ndani ya mpira, ngozi ya regyuleta imechanika, na tatizo umelipata kwa dakika moja bila kununua kitu. Kama ni mkavu, funga geji. Mpira ukiwa umechomolewa, presha iwe kati ya kPa (kilopaskali) 265 na 304. Ukirudishwa na injini ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta), ishuke hadi kati ya 206 na 255. Zima gari. Presha ikiporomoka upesi na pampu iko sawa, huenda kuna nozeli inadondosha. Angalia pia oili. Oili iliyokaa muda mrefu na kunywa petroli inatoa mvuke, na mvuke huo unavutwa kwenye injini kupitia mpira wa PCV. Chomoa huo mpira kwenye kava la valvu, ziba upande wa injini, tazama CO kwenye mashine. Ikishuka sana, badilisha oili na filta kabla ya kitu kingine chochote.

Kama CO iko juu lakini trimu iko chanya, plus 15 na kwenda juu, hapo kontroli boksi imedanganywa. Inaongeza petroli ikidhani haitoshi. Nani anaidanganya? Mara nyingi ni tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa: gasketi ya manifoldi imeungua, au ile paipu iliyogonga jiwe kwenye barabara ya vumbi ikachomelewa ovyo. Hewa ya nje inavutwa ndani, sensa inaona oksijeni nyingi, kontroli boksi inamwaga petroli. Unaweza kuweka sensa mpya hata tatu, zote zitasema uongo uleule. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, washa, mwenzako azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, wewe pakaza maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yatakuonyesha. Ukikuta ekzosi haina tundu, ndipo uishuku sensa. Ile ya kawaida inatakiwa kupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kukwama, injini ikiwa ya moto. Ukiitoa ukakuta ncha ina ukungu mweupe, kuna mtu alipaka silikoni isiyofaa kwenye gasketi, na mvuke wake umeiua. Hilo nalo ni la gereji.

Kwa hiyo dalili moja, CO juu, ina dawa mbili tofauti kabisa. Bila trimu unapiga ramli.

Thamostati. Nani aliwafundisha kuitupa? "Dodoma joto, bosi, ikitolewa injini haichemki." Thamostati ya Toyota nyingi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Ukiitoa, ukiwa barabarani injini inabaki ya uvuguvugu, kontroli boksi inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa na inaendelea kumwaga petroli ya ubaridi. CO inapanda, mafuta yanaliwa, petroli inaosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Kama injini inachemka, rejeta imeziba chumvi kwa sababu mnajaza maji ya bomba badala ya kulanti, au feni haiwaki. Rekebisheni hilo. Na sensa ya joto la maji ipimeni kwa mita: kwenye nyuzi 20 iwe kama kilo-omu 2.3 hadi 2.6, kwenye nyuzi 80 iwe kama omu 310 hadi 326. Sufuria, maji ya moto, kipimajoto na mita. Sensa inayosema injini ni ya baridi muda wote inaleta madhara yaleyale ya kukosa thamostati.

Jambo lingine ambalo wengi hapa wanalipuuza ni mwinuko. Dodoma iko kama mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni karibu kPa 89, wakati Dar ni 101. MAP sensa, ile inayopima kanieneo ya hewa inayoingia kwenye injini, ikisoma 88 au 89 switchi ikiwa on na injini imezimwa, iko sahihi! Ila fundi anaangalia kitabu, anakuta 101, anasema sensa imekufa. Vilevile kompresheni: kwa injini ya 1NZ-FE kitabu kinasema kPa 1,471, na kikomo cha chini ni 1,079. Hapa utapata pungufu kwa kama asilimia 10 hata injini ikiwa nzima. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi kPa 98. Nani ajuaye ni injini ngapi zimefumuliwa kwa namba hiyo peke yake.

Vumbi nalo lina lake. Kwenye 1NZ-FE, iliyo kwenye Ist na Corolla NZE nyingi, kiasi cha hewa kinapimwa na waya mwembamba wa moto uliopo baada ya ea klina. Ukipuliza ea klina kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani, au ukiweka isiyobana vizuri, vumbi linakaa kwenye ule waya na unaanza kupima vibaya. Usafishe kwa dawa yake ya kupuliza, usiuguse kwa kidole wala mswaki, usipige upepo wa kompresa, uache ukauke kabisa ndipo uwashe.

HC juu. Kwenye 1NZ-FE hamisha koili ya silinda 1 uiweke ya 2. Kosa kwenye skana likihama kutoka P0301 (silinda 1 haichomi) kwenda P0302 (silinda 2), koili ndiyo mbovu. Lisipohama, endelea na plagi, nozeli na valvu. Uwazi wa plagi za kawaida za injini hii ni milimita 1.1. Injini za zamani zenye distribyuta, pima kila waya wa plagi, usizidi kilo-omu 25. Valvu za 1NZ-FE zipimwe injini ikiwa ya baridi: za kuingiza milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa 0.25 hadi 0.35. Valvu ya kutoa iliyobana mno haifungi vizuri, na petroli inatoka bila kuungua. Silinda isiyochoma ndiyo inayoua masega: ile petroli inakwenda kuungua ndani yake, joto linapanda hadi kuyayeyusha. Ukiweka masega mapya bila kutibu silinda, umeyapeleka kufa.

Na masega yenyewe yanapimwa, wakuu. Toa sensa ya kwanza, funga geji ya presha kwenye tundu lake, panda hadi mizunguko 2,500. Ikizidi kPa 20, ekzosi imebana. Ikiwa chini ya hapo, neno "yameziba" ni uongo. Na wale wanaosingizia petroli ya Afrika kwamba ina risasi inayoua masega: risasi iliondolewa kwenye petroli kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu. Ndiyo maana fundi anayataka. Yakitolewa, ni mali ya mwenye gari, si ya gereji.

NYONGEZA

Mkuu uliyeuliza kuhusu gari lisilokubali skana: Toyota nyingi za Japani za miaka ya tisini hazizungumzi na skana hizi za bei ndogo. Fungua kile kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS kwenye injini, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya, switchi iwe on na injini imezimwa. Hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kusita, hakuna kosa lililohifadhiwa. 21 ni oksijeni sensa, 22 sensa ya joto la maji, 25 petroli kidogo, 26 petroli imezidi, 31 MAP sensa. Kuwa makini, usikosee tundu. Na namba 21 haimaanishi "nunua sensa", inamaanisha anzia hapo, pamoja na waya wake.

Mkuu mwenye kabureta: gari lililosetiwa Dar likipanda huku, petroli inazidi kwa kama asilimia 5 bila mtu kugusa kitu, maana hewa ni nyepesi. Safisha au badilisha ea klina kwanza, hakikisha choki inafunguka yote, ndipo ucheze na skrubu ya mchanganyiko ukiwa unaangalia mashine ya gesi, si kwa kusikiliza mlio. Kama CO inabaki juu kwenye mizunguko 2,500, skrubu haitasaidia, hiyo ni jeti au floti.

Kabla ya kurudia kipimo: oili mpya kama ya zamani imechoka, tanki lisiwe tupu, endesha hadi Ihumwa na kurudi mjini ili masega yapate moto, usizime gari ukiwa kwenye foleni. Masega ya baridi hayafanyi kazi hata yakiwa mapya.

Mwenye karatasi ya kufeli aiweke hapa: namba zote nne, za sailensi na za 2,500, aina ya injini, na trimu kama unayo. Ficha namba za usajili. Tutaisoma pamoja kabla hujampa fundi hata shilingi.