Boksi lenu la mwaka 2020 ni lipi? Langu la Bruce Lee, na deki imelikataa

Mzee wa Deki, Tanga

Wakuu, heshima kwenu. Mwaka unaisha na nina swali lenye mkia. Boksi gani la picha lililotoka mwaka huu limewakuna? Nasema boksi, yale matoleo ya kukaa nayo: diski kadhaa, kitabu ndani, kava limechorwa upya. Siyo zile "picha 40 ndani ya CD moja" za stendi, ingawa hizo nazo nimezila sana na sizitukani.

Naanza mimi. Langu ni Bruce Lee: His Greatest Hits, la kampuni ya Criterion ya Marekani, lililotoka Julai. Diski saba. Mna The Big Boss (1971), Fist of Fury na The Way of the Dragon (zote 1972), Enter the Dragon (1973), na Game of Death, ile waliyoimalizia wengine ikatoka 1978, miaka mitano baada ya mwenyewe kuzikwa. Mpwa wangu yuko Columbus, Ohio. Alilivizia punguzo la Novemba, akalipata nusu bei, akampa mtu aliyekuwa anakuja. Limefika Jumanne limeviringishwa ndani ya suruali mbili za jinzi, halina hata mkwaruzo.

Mtauliza, mtu wa miaka 58 na Bruce Lee wapi na wapi. Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda umiza Ngamiani. Televisheni ya inchi 21, deki moja ya kanda, mabenchi manne, magunia madirishani. Fist of Fury niliionyesha mpaka kanda ikawa inanyesha mvua. Deki ikianza kutafuna nafungua mfuniko, nasafisha hedi kwa pamba na spiriti, ndani wanapiga mbinja. Ila picha yenyewe nilikuwa siioni, maana kazi yangu ilikuwa mlangoni, kukusanya hela na kufukuza wanaochungulia. Bruce Lee namjua kwa masikio. Ngumi yake kavu, na kile Kiingereza cha kubandika, mdomo umeshafunga na neno bado linatoka. Hata leo nikisikia sekunde tano nakwambia ni picha ipi na steringi yuko chumba gani.

Hapo ndipo boksi hili liliponishika. Nimewahi kununua diski za picha hizi hizi "zilizoboreshwa". Rangi safi, lakini sauti wameitawanya kwenye spika tano na kuipaka ngurumo, ngumi inalia kama mlango wa kontena unabamizwa. Mimi sikuwahi kumsikia mtu huyo. Criterion wameziacha sauti za zamani za mono, na Kiingereza cha kubandika kimo, unachagua mwenyewe. Kabla hajalituma, mpwa aliweka simu mbele ya televisheni yake nikasikiliza dakika kumi za Fist of Fury kwa WhatsApp. Mke wangu akauliza kuna msiba?

Halafu Enter the Dragon zimo mbili. Moja ya dakika 99, iliyoingia kumbi mwaka 1973, na nyingine ya dakika 102, iliyorudishiwa mazungumzo ya Bruce na yule mtawa mkuu wa Shaolin mwanzoni. Kwenye matoleo ya miaka ya karibuni ile fupi ilikuwa imepotelea mbali, mtu anakupa ndefu na kukuambia ndiyo hiyo. Wengine wataona dakika tatu si kitu. Mimi nataka nipewe zote mbili niamue.

Na majina je, mnakumbuka? Wasambazaji wa Marekani waliipa The Big Boss jina la Fists of Fury, na Fist of Fury yenyewe wakaiita The Chinese Connection. Kanda zetu zilitoka kila upande wa dunia, kwa hiyo lebo ilisema hivi na ndani kuna vile. Jumamosi moja niliandika kwenye ubao "PICHA MPYA", kumbe ni ile ile ya wiki iliyopita. Kufika pale Bruce anapoanza kazi kwenye kiwanda cha barafu, benchi moja lilishavunjwa. Nilirudisha hela zote na soda juu.

Sasa mkia wa swali. Nimetia diski, deki yangu ya Blu-ray inaandika kwamba diski si ya ukanda huu, yaani imefungwa kwa nchi za kwingine. Duka alikonunulia mpwa walimhakikishia inacheza dunia nzima. Nilidhani mambo ya kanda niliyaacha Ngamiani, kumbe kanda imerudi na sura nyingine. Nifanyeje? Na mtaje maboksi yenu, msiniache peke yangu.

Sinema Kali, Nairobi

Mzee, salamu. Hiyo ya msiba imeniua.

Langu ni Martin Scorsese's World Cinema Project, namba 3, pia la Criterion, la Septemba. Sinema sita kutoka Kuba, Indonesia, Brazili, Meksiko, Irani, na moja ya kwetu Afrika ambayo ndiyo iliyonifanya nitoe pesa: Soleil Ô ya Med Hondo wa Mauritania, ya 1970. Mwanamume anafika Paris akidhani amefika kwa ndugu, kwa sababu shuleni alifundishwa hivyo, halafu anaanza kutafuta kazi na chumba. Hondo mwenyewe aliwahi kufanya kazi bandarini na jikoni huko Ufaransa, kwa hivyo hasimulii ya kusikia. Mzee, wewe ni mtu wa sauti, kwa hivyo utalipenda hili: huyo huyo Hondo ndiye aliyekuwa sauti ya Eddie Murphy kwa Kifaransa. Alitengeneza sinema kali dhidi ya ukoloni, na huku anabandika vichekesho vya Hollywood apate kula.

Lakini iliyonikaa kichwani ni Downpour ya Bahram Beyzaie, Irani, 1972. Nakala iliyopatikana ilikuwa moja tu, ya mwongozaji mwenyewe, na ilikuwa tayari imechomwa maandishi ya Kiingereza juu ya picha. Wameisafisha kila mahali lakini maandishi hayatoki, yamekuwa ngozi. Wewe unasema kanda yako ilinyesha mvua. Hii hata jina lake ni mvua.

Kuhusu deki: boksi langu lina diski tisa, tatu za Blu-ray na sita za DVD, sinema ni zile zile. Mimi natumia za DVD kwenye mashine ya bei rahisi niliyonunua hapa mjini, na haijawahi kuniuliza natoka wapi. Lako ni Blu-ray tupu, pole.

Mwana wa Vuga, Muscat

Assalamu alaykum. Bwana wa Tanga, umenikumbusha sinema ya Majestic pale Vuga, Zanzibar, tukienda na marehemu baba kutazama picha za Kihindi. Mama alikuwa akijua tumelia kwa macho tu.

Mimi mwaka huu nimenunua kimoja tu, The Alfred Hitchcock Classics Collection ya 4K, kilichotoka Septemba na Universal. Picha nne: Rear Window, Vertigo, Psycho na The Birds. Vertigo kwa rangi ile, ule mwanga wa kijani wa hoteli, nimeutazama mara tatu na bado. Ila kwa hoja yako ya dakika tatu, sikiliza Psycho. Wametia ile isiyokatwa, kama ilivyooneshwa mwaka 1960. Ziada yake ni sekunde chache tu: Marion anaonekana akivua nguo kwa muda kidogo zaidi, Norman, yule mwenye moteli, anaitazama mikono yake yenye damu kwa muda kidogo zaidi, na mpelelezi kule chini ya ngazi kisu kinamrudia mara zaidi. Basi. Nimeitazama picha hii tangu ujana na sikujua kama kuna kitu kimetolewa, nilidhani Hitchcock ndivyo alivyotaka.

La kukusaidia: diski za 4K hazina mambo ya ukanda. Za Marekani, za Uingereza, zote hapa Muscat zinacheza. Lakini tahadhari, ndani ya boksi hilo hilo huwamo Blu-ray za kawaida, na hizo zaweza kukufungia mlango. Bruce Lee wako ni Blu-ray ya kawaida, kwa hivyo yaliyokukuta ndiyo yenyewe.

Teja wa Lufufu, Morogoro

Swali fupi: humo ndani kuna Lufufu, yule msimulizi wetu wa picha kwa Kiswahili? Kama hamna, mimi nabaki na kanda zangu.

Mzee wa Deki, Tanga

@Teja, usicheke, wamo! Kuna njia sita za sauti ambamo mtu anakaa anasimulia juu ya picha mwanzo mpaka mwisho. Mike Leeder amesimulia nne, na ya Enter the Dragon anasimulia Paul Heller, mmoja wa waliotoa picha yenyewe. Sisi tuliyazoea haya zamani, tofauti ni kwamba Lufufu alikuwa anawapa majina mapya na kuwasuta. Heller hamsuti mtu.

@Sinema Kali, hiyo ya Eddie Murphy nimeisoma mara mbili.

Fundi hamna humu?

Fundi Redio, Kariakoo

Shikamoo mzee. Nipo.

Iko hivi. Kwenye DVD Marekani ni ukanda 1, sisi Tanzania na Kenya ni 5. Mashine nyingi za DVD zinazouzwa huku zinafika zimeshafunguliwa au zinafunguka kwa namba za rimoti, ndiyo maana dada wa Nairobi hasumbuliwi. Blu-ray wamegawa herufi: Marekani ni A, Afrika, Ulaya na Uarabuni ni B. Hizi ni ngumu. Modeli chache zinafunguka kwa rimoti, nyingi hadi uchomelee chipu ndani, na fundi wa kubahatisha atakuulia mashine. Niandikie modeli iliyo nyuma ya deki yako, nitakwambia bila kukupotezea nauli.

Na wenye DVD, msijaribu kubadilisha ukanda kwenye kompyuta kwa pupa. Draivu ya DVD inakuruhusu kubadilisha ukanda mara tano tu, ya tano ndiyo ya maisha. Vijana wananiletea zimeganda kila mwezi.

Njia rahisi: mpwa anunue deki ya Blu-ray ya kawaida huko huko Ohio, hata iliyotumika. Lakini kabla hajalipa, aigeuze asome nyuma. Ikiandikwa 100–240V, mnabadilisha plagi tu. Ikiandikwa 120V peke yake, ukiichomeka kwenye umeme wetu utasikia harufu kabla hujaona picha, hiyo inataka transfoma ya kushusha. Televisheni yako kama ina HDMI haitakuwa na shida.

Mzee wa Deki, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nimempigia mpwa. Jirani yake anauza moja kwa dola 20, amegeuza amesoma, ni 120V peke yake. Nina stabilaiza ya friji hapa, kubwa tu, haifai?

Fundi Redio, Kariakoo

Haifai mzee. Usijaribu hata kidogo.